Mwanafunzi wa Machakos kati ya Kitabu cha Mwanzo na Mvulana wa Turkana

MWANAFUNZI wa shule ya upili katika Kaunti ya Machakos hukutana na swali la asili ya mwanadamu mara tatu kabla ya kuhitimu. Katika Kidato cha Kwanza, somo la Elimu ya Dini ya Kikristo humfunza kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi, kisha akamfinyanga mtu kwa mavumbi ya ardhi. Mwaka huo huo, mwalimu wa Historia humsimulia kuhusu binadamu wa kale na zana zake za mawe. Anapofika Kidato cha Nne, mwalimu wa Biolojia hufungua mada ya mageuko ya viumbe na kumweleza kwamba vyote vyenye uhai vina asili moja, na kwamba vimebadilika polepole kwa muda wa mamilioni ya miaka.

Huo umekuwa utaratibu wa mfumo wa 8-4-4, ambao sasa unaelekea ukingoni. Mtaala unaochukua nafasi yake unabadilisha madarasa na mpangilio wa masomo, lakini swali lenyewe halibadiliki.

Ifikapo Jumapili, mwanafunzi huyo huyo huketi kanisani. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,421,932 katika Kaunti ya Machakos, na kote nchini zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi walijitambulisha kuwa Wakristo. Huko kanisani, neno mageuko likitajwa, mara nyingi hutajwa kama jambo la kuepukwa.

Wanafunzi wengi huvuka mto huu kwa njia ya mkato. Katika karatasi ya Biolojia huandika anachotaka mtahini wa Biolojia, na katika karatasi ya dini huandika anachotaka mtahini wa dini. Alama hupatikana, lakini swali huahirishwa tu. Huzuka tena chuoni au kazini, na hapo wapo wanaoamua kwamba kanisa liliwadanganya, na wapo wanaoamua kwamba wanasayansi ni waongo. Wa kwanza hupoteza imani waliyolelewa nayo. Wa pili hufunga mlango wa elimu wanayoihitaji hospitalini na shambani.

Je, ni lazima achague? Historia ya Ukambani yenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta jibu.

KILIMA CHA NZAUI NA KIJANA WA UKAMBANI

Kusini mwa mji wa Machakos, katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, kuna kilima kiitwacho Nzaui. Masimulizi ya kale ya Wakamba hueleza kwamba Mulungu aliwashusha watu wa kwanza juu ya mwamba wa kilima hicho, na kwamba nyayo zao zilibaki zimechapwa kwenye jiwe. Kwa hivyo, muda mrefu kabla ya Biblia kufika, jamii hii ilikuwa na maelezo yake kuhusu chanzo cha mwanadamu, na maelezo hayo yalimtaja Muumba.

Mwaka wa 1895, mmishonari Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walichagua Nzaui kuwa mahali pa kituo chao cha kwanza. Scott alifariki mwaka uliofuata, lakini kazi hiyo ilizaa kanisa ambalo leo lina matawi katika sehemu nyingi za nchi, Africa Inland Church. Chuo cha theolojia kilichofunguliwa mjini Machakos mwaka wa 1962 kilipewa jina lake, na sasa kinajulikana kama Scott Christian University.

Takriban miaka 40 baada ya kifo cha Scott, mnamo 1938 hivi, alizaliwa katika sehemu hiyo hiyo, iliyokuwa bado chini ya Wilaya ya Machakos, mtoto aliyeitwa Kamoya Kimeu. Alisoma miaka michache katika shule ya wamishonari. Mwaka wa 1960 alikwenda kufanya kazi ya kuchimba huko Olduvai, Tanganyika, chini ya Louis na Mary Leakey. Baadaye alisimulia kwamba mwanzoni aliingiwa na hofu, kwa kuwa mila za Wakamba zilikataza mtu kugusa mifupa ya wafu.

Hofu hiyo aliishinda, akawa mmoja wa watafutaji mashuhuri zaidi wa visukuku duniani. Mwaka wa 1964 aligundua taya la kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mnamo Agosti 1984, karibu na mto Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na kokoto zilizokizunguka. Uchimbaji uliofuata ulifichua mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Ndiye huyo anayeitwa Mvulana wa Turkana, na mifupa yake ni miongoni mwa masalia kamili zaidi ya binadamu wa kale kuwahi kupatikana popote.

Mwaka wa 1985, Kamoya alitunukiwa nishani ya La Gorce ya Shirika la National Geographic, akakabidhiwa na Rais Ronald Reagan wa Marekani. Alifariki mnamo Julai 2022.

Sehemu moja ya nchi, basi, ilikuwa mlango wa injili na pia ilitoa mkono ulioinua ushahidi mkubwa wa mageuko ya mwanadamu. Mambo hayo mawili yalikua pamoja kwa miongo kadhaa bila kugombana hadharani. Mgongano ulitokea baadaye, tena jijini Nairobi.

MZOZO WA MAKAVAZI

Makavazi ya Nairobi yalifungwa mwaka wa 2005 ili yakarabatiwe kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Ilipofahamika kwamba Mvulana wa Turkana angewekwa mahali pa heshima katika maonyesho mapya, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjilisti walipinga. Aliyesikika zaidi mwaka wa 2006 na 2007 alikuwa Askofu Boniface Adoyo, aliyekuwa kiongozi wa kanisa la Christ Is The Answer Ministries. Alikataa wazo kwamba yeye ametokana na kiumbe huyo. Alitaka mifupa hiyo isipewe nafasi ya mbele, na wageni waelezwe kwamba mageuko ni nadharia moja tu miongoni mwa nyingine.

Upande wa pili alikuwa Richard Leakey, aliyeongoza msafara uliochimbua mifupa hiyo na aliyewahi kuwa mkurugenzi wa makavazi. Yeye alishikilia kwamba visukuku vya Kenya ni hazina ya ulimwengu mzima, na kwamba kuvificha kwa sababu za kidini kungekuwa aibu kwa nchi.

Makavazi yalifunguliwa tena mwaka wa 2008, na Mvulana wa Turkana hakufichwa. Hata hivyo, mzozo huo uliwaachia Wakenya wengi picha yenye sehemu mbili tu: askofu anayepinga sayansi, na mwanasayansi asiyemwamini Mungu. Aliyejiona haingii upande wowote hakuona nafasi yake.

Lakini hata familia ya Leakey haikuwa na jibu moja. Richard, aliyefariki Januari 2022, hakuwa muumini. Baba yake, Louis, alizaliwa Kabete mwaka wa 1903 kwa wazazi wamishonari wa Kianglikana, na alipokuwa kijana alikusudia kuwa mmishonari mwenyewe. Aliutetea ukweli wa mageuko maisha yake yote bila kuuona kuwa tangazo la kwamba hakuna Mungu.

NADHARIA YENYEWE INASEMA NINI?

Sehemu ya ugomvi huu hutokana na maneno. Katika Kiswahili cha kila siku, nadharia huwekwa mkabala na vitendo, kana kwamba ni mambo ya kufikirika tu. Kwa mwanasayansi, nadharia ni maelezo yaliyopimwa kwa ushahidi mwingi na kuhimili majaribio, kama vile nadharia kwamba maradhi huenezwa na vijidudu.

Neno la pili ni nyani. Watu husema kwamba Darwin alifundisha kuwa binadamu alitokana na nyani, na mkulima wa Ukambani akisikia hivyo humfikiria yule mnyama anayevamia shamba lake la mahindi. Nadharia haisemi hivyo. Inasema kwamba mwanadamu, sokwe, nyani na wanyama wengine wana mababu wa pamoja walioishi zamani sana, kisha nasaba zao zikaachana. Nyani wa leo si babu wa mtu, kama vile binamu hawezi kuwa babu.

Neno la tatu ni binadamu lenyewe. Maana yake ni mwana wa Adamu. Kwa Mswahili, kusema kwamba binadamu ana asili nyingine ni kama kulipinga jina lake. Si ajabu kwamba masikio hukataa kabla ya akili kupima.

Kiini cha nadharia aliyoichapisha Charles Darwin mwaka wa 1859 ni chepesi kueleweka, na mkulima wa Machakos anakijua kwa vitendo. Kila msimu, mkulima huchagua mbegu kutoka kwa mimea iliyofanya vyema. Katika miaka ya 1960, watafiti wa kituo cha Katumani, nje kidogo ya mji wa Machakos, waliteua mahindi yanayokomaa haraka kabla ya mvua chache za Ukambani kukatika. Mbegu ya Katumani inayofahamika na wakulima ilizaliwa kwa uteuzi huo. Darwin alisema kwamba maumbile nayo huteua: viumbe wa aina moja hutofautiana, wenye sifa zinazowafaa mahali walipo huishi na kuzaa zaidi, na sifa hizo huenea katika vizazi vinavyofuata. Huo ndio uteuzi asilia.

Jambo hili halikukoma zamani. Kwa miaka mingi, klorokwini ilikuwa tiba ya malaria nchini Kenya. Vimelea vichache vilivyokuwa na mabadiliko ya jeni vilistahimili dawa, vikazaana, na hatimaye vikatawala. Mwaka wa 1998 serikali iliachana na klorokwini kama tiba ya kwanza, na mwaka wa 2004 ikalazimika kubadilisha sera tena, ikachagua dawa mseto zenye artemisini. Daktari asiyezingatia mageuko hawezi kueleza kwa nini dawa iliyomponya mzazi ilishindwa kumponya mwana.

Mwili wa mwanadamu nao unabeba ushahidi huo. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali nchini mwaka wa 1949. Aligundua kwamba jeni ya selimundu ilikuwa ya kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, palipokuwa na malaria nyingi, lakini ilikuwa adimu katika nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alionyesha sababu: anayerithi jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, ingawa anayerithi jeni mbili huugua. Mfano huo wa uteuzi asilia miongoni mwa watu husomeshwa duniani kote, na ulipatikana Afrika Mashariki.

Hayo ndiyo mambo ambayo sayansi inayathibitisha: kwamba viumbe vimebadilika, kwamba vina ujamaa, na kwamba dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5. Sayansi haina kipimo cha kujibu iwapo nyuma ya mwendo huo kuna nia. Msomi anayesema kwamba mageuko yamethibitisha kuwa Mungu hayupo ametoka nje ya maabara, naye anapaswa kuulizwa ushahidi wake kama mtu mwingine yeyote.

KITABU CHA MWANZO KILISOMWAJE ZAMANI?

Wapo wanaodhani kwamba Wakristo wote walisoma sura za kwanza za Mwanzo kama taarifa ya siku sita za saa 24 hadi Darwin alipowavuruga. Sivyo ilivyokuwa, na ushahidi unatoka Afrika.

Origen wa Aleksandria, Misri, katika karne ya 3, aliuliza ni vipi siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zingekuwa za kawaida ilhali jua, kwa mujibu wa andiko lenyewe, liliumbwa siku ya nne. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu kizima juu ya Mwanzo mwanzoni mwa karne ya 5. Alifundisha kwamba Mungu aliumba vyote kwa pamoja, na kwamba vitu vingine viliwekwa kama mbegu zitakazochipuka kwa wakati wake. Aliwaonya pia Wakristo wasizungumze kwa kujiamini kuhusu nyota na maumbile wasiyoyajua, wasije wakaidhalilisha imani mbele ya watu wenye elimu. Hawa waliishi zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Darwin. Hawakuwa wakijaribu kuwapendeza wanasayansi. Walikuwa wakilisoma andiko kwa makini.

Msomaji makini huona pia kwamba Mwanzo ina masimulizi mawili. Katika sura ya kwanza, wanyama huumbwa kabla ya mwanamume na mwanamke. Katika sura ya pili, mtu hufinyangwa kwanza, kisha wanyama huletwa kwake awape majina. Waliokusanya maandiko hayo waliyaona yote mawili na wakayaacha yakae pamoja. Wafasiri wengi husema kwamba lengo lao halikuwa kutoa ratiba, bali kutangaza kwamba ulimwengu una Muumba mmoja, kwamba ni mwema, na kwamba jua na mwezi vilivyoabudiwa na mataifa jirani ni viumbe tu.

Hesabu inayojulikana sana, kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka wa 4004 kabla ya Kristo, ni ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, aliyeichapisha mwaka wa 1650. Na msimamo wa kisasa kwamba sayansi yenyewe inathibitisha dunia changa na gharika iliyotengeneza matabaka ya miamba ulipata nguvu hasa Marekani katika karne ya 20, ukasambazwa kwa vitabu na baadaye kwa redio na televisheni.

NJIA WANAZOPITA WAKRISTO

Leo makanisa hayako mahali pamoja. Kwa ufupi, njia ni nne.

Ya kwanza ni ya wanaoamini kwamba Mungu aliumba kwa siku sita halisi, si zamani sana. Kanisa la Waadventista Wasabato lilisisitiza msimamo huo katika tamko la imani yake mwaka wa 2015, na Wapentekoste wengi wanaukubali. Nguvu ya njia hii ni heshima yake kwa maneno ya Biblia. Udhaifu wake ni kwamba hulazimika kupinga si Biolojia pekee, bali pia Jiolojia, Fizikia na elimu ya nyota.

Ya pili ni ya wanaokubali kwamba dunia ni kongwe, lakini wanaamini kwamba Mungu aliingilia kati na kuumba kila jamii ya viumbe kwa wakati wake. Hawa hupatana na mwanajiolojia, ila bado huvutana na mwanabiolojia.

Ya tatu ni ya wanaosema kwamba mageuko ndiyo njia aliyoitumia Mungu kuumba. Kanisa Katoliki, ambalo Dayosisi yake ya Machakos iliundwa mwaka wa 1969, linaruhusu msimamo huu. Papa Pius XII aliandika mwaka wa 1950 kwamba inafaa kuchunguza iwapo mwili wa mwanadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, mradi ikubaliwe kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka wa 1996, Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba ushahidi umeifanya nadharia hiyo kuwa zaidi ya dhana. Miongoni mwa wainjilisti, anayejulikana zaidi ni Francis Collins, daktari wa Marekani aliyeongoza mradi wa kimataifa wa kusoma jeni zote za mwanadamu, uliokamilika mwaka wa 2003. Alichapisha kitabu cha kutetea imani yake pamoja na mageuko mwaka wa 2006, mwaka ule ule Nairobi ilipokuwa ikibishana kuhusu mifupa.

Ya nne ni ya wanaotenganisha kabisa: sayansi ijibu jinsi mambo yalivyotokea, dini ijibu kwa nini. Njia hii huleta amani ya haraka, na walimu wengi huitumia. Lakini haitoshi kila mara, kwa sababu imani ya Kikristo hudai kwamba Mungu alitenda katika historia, wala si katika mioyo ya watu peke yake.

MASWALI AMBAYO HAYAEPUKIKI

Anayefuata njia ya tatu asidhani kwamba kazi imekwisha. Wapinzani wa mageuko makanisani si wajinga. Wanaona mambo ambayo watetezi wake wakati mwingine huyapita haraka.

La kwanza ni Adamu. Mtume Paulo, katika barua zake kwa Warumi na Wakorintho, anamlinganisha Adamu na Kristo: kupitia mmoja dhambi iliingia, kupitia mwingine wokovu ukaja. Elimu ya jeni, kwa upande wake, inaonyesha kwamba wanadamu wa leo walitokana na jamii ya maelfu ya watu walioishi Afrika, si watu wawili pekee. Baadhi ya wanatheolojia hujibu kwamba Adamu na Hawa walikuwa watu halisi waliochaguliwa na Mungu kati ya wengi ili wawawakilishe wote, kama vile mzee wa ukoo anavyoweza kuufunga ukoo mzima kwa kiapo chake. Wengine huona kwamba Adamu ni kila mtu, na kwamba kisa chake ni picha ya kweli ya uasi wetu sote. Kanisa Katoliki lilionya mwaka wa 1950 kwamba si rahisi kuona jinsi wazo la mababu wengi linavyopatana na mafundisho ya dhambi ya asili. Mjadala huo haujafungwa.

La pili ni kifo. Ikiwa kifo ni mshahara wa dhambi, mbona viumbe vilikufa kwa mamilioni ya miaka kabla ya mtu kutenda dhambi? Mvulana wa Turkana alifariki akiwa bado hajapevuka, na wachunguzi waliona dalili za ugonjwa wa fizi katika taya lake. Wapo wanaojibu kwamba kifo anachokizungumzia Paulo ni kile cha kutengwa na Mungu, wala si mwisho wa uhai wa kila mnyama. Jibu hilo lina mashiko, lakini haliondoi uzito wa mateso. Hata hivyo, uzito huo unamwelemea pia asiyekubali mageuko, kwa kuwa kila anayemzika mtoto huuliza swali hilo hilo.

La tatu ni hadhi ya mtu. Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto akifunzwa kuwa ana ujamaa na wanyama, ataishi kama mnyama. Biblia yenyewe haikuona haya kusema kwamba mtu ametoka mavumbini, kitu cha chini kuliko mnyama yeyote. Sura ya Mungu ndani ya mtu haikutegemea ubora wa udongo uliotumika, bali wito aliopewa: kuitunza nchi, kumjua Muumba, na kuwajibika kwa jirani. Kwa mtazamo huo, mwendo mrefu uliouleta mwili wa mtu haumpunguzii chochote.

Hofu ya mzazi, hata hivyo, ina chanzo chake. Katika karne ya 19 na ya 20, wapo waliotumia jina la Darwin kudai kwamba Waafrika ni watu wa daraja la chini. Visukuku vilivyochimbwa Kenya, Tanzania na Ethiopia, pamoja na elimu ya jeni, vimevunja dai hilo: wanadamu wote wa leo ni jamii moja, na nyumbani kwao kwa kwanza ni Afrika. Hapo mchimbaji na mhubiri, kila mmoja kwa lugha yake, wanatoa ushuhuda mmoja.

KURUDI DARASANI

Mwalimu wa Biolojia mjini Machakos hahitaji kuwa mwanatheolojia, wala mchungaji hahitaji kuwa mwanasayansi. Lakini kila mmoja anaweza kumtendea haki mwanafunzi. Mwalimu anaweza kueleza ushahidi bila kejeli kwa waumini, na kukiri kwamba somo lake halina kipimo cha kumthibitisha wala kumkanusha Mungu. Mchungaji anaweza kueleza kwamba Wakristo wanyofu wametofautiana kuhusu siku za uumbaji tangu zama za Origen na Augustino, na kwamba mtu hafukuzwi zizini kwa kuuliza.

Kilicho hatari zaidi ni kumwambia kijana kwamba akikubali kisukuku kimoja, imani yake yote imeanguka. Kijana huyo siku moja atasafiri kilomita 65 hivi hadi Nairobi, aingie katika makavazi na kusimama mbele ya mifupa halisi iliyoonwa kwanza na mtu wa kwao. Ikiwa aliambiwa kwamba lazima achague kati ya mifupa hiyo na Mungu wake, aliyempa chaguo hilo ndiye atakayekuwa amemwondoa kanisani, wala si Darwin.

Wazee wa Ukambani walionyesha nyayo kwenye mwamba wa Nzaui wakasema kwamba hapo ndipo watu walipoanza kutembea, na aliyewaleta ni Mulungu. Watafiti nao wanasoma nyayo nyingine kwenye miamba ya Turkana na Olduvai. Mwanafunzi wa Machakos ana haki ya kuzifuata zote hadi zinakofika, bila kufumbwa macho na upande wowote.